Oili ya Ajuza

Fundi Mstari hakuuliza habari za wakili. Wala hakuuliza habari za mahakama, ingawa alasiri ile ile alikuwa apelekwe huko kusomewa shitaka la kumvunja mlinzi kichwa na kuiba mota mpya za majokofu kwenye ghala la kampuni. Alishika nondo za mlango wa mahabusu kwa mikono yake yenye weusi usiotoka kwa sabuni, akasogeza uso, akauliza:

"Mama, Ajuza yuko kivulini au juani?"

Mpelelezi aliyeulizwa swali hilo alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Kituoni walimwita Bi Kwanini, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu mbele ya uso wake walipoona hakasiriki. Kesi ile alikabidhiwa asubuhi hiyo tu, atie saini jalada ambalo Sajini alikuwa amekwisha kulifunga. Kazi ya kalamu, aliambiwa. Lakini Bi Kwanini hakuwahi kutia saini kitu kabla hajakisumbua.

"Ajuza ndiye nani?"

"Gari la kampuni, afande," Sajini alidakia. "Lile kuukuu la dizeli, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Mzee huyu analipenda kuliko mkewe."

"Mke wangu alishafariki," Fundi alisema. "Ajuza yupo."

Bi Kwanini alivuta kiti akakaa. Sajini alitazama saa ya ukutani, akashusha pumzi. Alijua kiti kikishavutwa, mambo yamekuwa marefu.

"Kwa nini wanakuita Mstari?"

Hapo mzee aling'aa uso kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu. "Kwa sababu mimi si fundi wa kubahatisha. Nikikaza nati, napiga mstari wa rangi nyeupe, unaanzia kwenye nati unaishia kwenye chuma ilichokalia. Nati ikijizungusha, mstari unakatika. Nachungulia tu, naona. Wenzangu wananicheka. Wanacheka, halafu magari yao yanarudi yakivutwa kwa kamba."

"Kila nati?"

"Kila nati ninayoigusa. Na kwa Ajuza sijaacha hata moja. Mama, gari lililokula barabara kiasi kile halisubiriwi liugue. Unaliwahi. Unalisikiliza, unalinusa, kitu unakibadilisha kikiwa bado kizima. Watu huniita gari likishakata roho, wananiambia fundi, fufua. Mimi nabii?"

"Jioni ya kabla ya tukio ulifanya nini?"

"Nilimfanyia sevisi ya haja. Nilimwaga oili ikiwa moto, nikamsuuza tumbo kwa oili nyepesi, nayo nikaimwaga, nikatia mpya. Chujio la oili jipya. Chujio la hewa jipya. Nilitoa maji chini ya chujio la dizeli, nikafungua breki nikazitazama kwa macho yangu. Mkanda wa feni tu ndio haukuniridhisha, una nyufa. Ndiyo maana mchana wa siku ya pili nilikuwa nazunguka maduka ya vipuri."

"Ukarudi mikono mitupu," Sajini alisema. "Na hakuna muuza duka anayekumbuka sura yako."

"Walikuwa na mikanda ya bandia! Nimfunge Ajuza kitu kitakachokatika mlimani?"

"Na spana iliyokutwa kando ya mlinzi?" Bi Kwanini aliuliza.

"Yangu. Inatundikwa ukutani karakana, karibu na ghala. Hata paka wa pale anajua ilipo."

Kila alipojibu hakutafuta maneno. Bi Kwanini aliinuka. Alikuwa amekwisha kufika kwenye korido Fundi alipomwita tena, na safari hii sauti ilikuwa ya mtu mwenye wasiwasi wa kweli.

"Mama! Ukifunua boneti usije ukasema sikubadilisha oili. Injini ya dizeli iliyozeeka ina masizi kila kona. Uitie oili ya rangi ya asali, ipige safari moja tu ya maana, inarudi nyeusi tii. Huo si uchafu wangu. Ni uzee wake."

"Nimekusikia," Bi Kwanini alisema.

Ndani ya gari la polisi Sajini alicheka peke yake. "Mtu anakwenda jela, yeye anawaza masizi."

"Kwa nini lango la kampuni halikuvunjwa?"

Sajini aliacha kucheka. "Mlinzi alilifungua. Alimfungulia mtu anayemjua. Fundi anamjua."

"Na mota zilitokaje? Ulijaribu kuinua moja?"

"Nzito," Sajini alikiri. "Labda alitumia mkokoteni."

"Mchana kweupe, mtaa umejaa watu wanaorudi kula. Kwa nini hakuna aliyeuona?"

Sajini alitazama barabara. Alikuwa askari mzuri, mwenye bidii, kasoro yake ikiwa moja tu: jibu likimjia mapema alilikaribisha ndani na kulifungia mlango.

"Kampuni ina gari jingine?"

"Hilo Ajuza peke yake. Na siku ile lilikuwa mlimani toka asubuhi mpaka jioni. Nimelithibitisha mwenyewe, afande. Utaona."

*

Kampuni ilikuwa uani mwa majengo mawili ya mabati: ghala upande mmoja, karakana upande wa pili, na katikati majokofu mabovu yaliyopangwa milango wazi. Kiti cha mlinzi kilikuwa pale pale langoni, mto wake wa sponji umebonyea katikati. Mwenyewe alikuwa hospitali, hajafumbua macho tangu siku ile.

Aliyewafungulia alikuwa Binti, mtoto pekee wa Fundi, mtunza ghala na mpokea simu wa kampuni. Tumbo lake lilikuwa limeanza kumtangulia. Mume wake ndiye aliyekuwa dereva wa Ajuza, kwa hiyo gari lile lilikuwa jamaa wa nyumba hiyo pande zote mbili: baba alilitibu, mume aliliendesha. Binti hakumpa mpelelezi nafasi hata ya kusalimia vizuri.

"Mama, shikamoo. Baba yangu ana presha. Akilala gereza la mahabusu wiki moja, hatatoka mzima. Najua kila mtu anasema hivyo kuhusu baba yake, lakini mimi nakwambia ninachokijua. Nakuomba. Kitu chochote unachotaka kukiona hapa, nitakuonyesha kwa mkono wangu."

"Chochote?"

"Chochote, mama."

"Basi nianze na mumeo."

Dereva alikuwa anafuta kioo cha mbele cha Ajuza kwa gazeti lililokunjwa. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, ana adabu mpaka kwenye vidole. Aliposikia "mpelelezi" aliweka gazeti chini akafunga kifungo cha shati.

"Afande, karibu. Mzee anaendeleaje? Wamempa dawa zake?"

"Amepewa. Siku ile ulikwenda wapi?"

"Mlimani. Kuna mteja ana chumba cha baridi cha maziwa, alinipigia simu kuwa kimegoma."

"Ukakitengeneza?"

"Sikumkuta. Nilisubiri mpaka nikachoka, nikageuza. Nilifika hapa jioni, nikakuta uwanja umejaa polisi."

"Kuna aliyekuona huko?"

"Ni porini kidogo, afande. Labda mbuzi."

Sajini alitabasamu. Bi Kwanini naye alitabasamu, lakini hakuacha kuuliza.

"Ulikula wapi?"

"Sikula."

"Kwa nini?"

"Barabara ile ina vumbi, afande. Vumbi jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Hata njaa inakimbia. Tazama gari lenyewe."

Kweli, ubavu wa Ajuza ulikuwa umevaa vumbi jekundu, zito, mtu angeweza kuandika jina lake kwa kidole. Bi Kwanini alilizunguka gari polepole, mikono nyuma. Alipofika mbele alitazama wavu wa mbele ya rejeta, akainama, akachungulia ndani ya matao ya magurudumu, akainuka.

"Sasa njoo uone uthibitisho wenyewe, afande." Sajini alifungua mlango wa dereva kwa fahari. Ndani ya mlango palikuwa na tarakimu za chaki. "Kila sevisi, Fundi huandika hapa kilomita za siku hiyo. Sasa soma dashibodi. Toa hii kwenye hii, unapata mlimani kwenda na kurudi, haipungui wala haizidi. Niliipima mwenyewe kwenye ramani. Shahidi huyu hahongeki."

"Na geji ya dizeli?"

"Hiyo ilikufa zamani," Dereva alisema. "Tunapima kwa kugonga tenki."

Bi Kwanini alisoma chaki, akasoma dashibodi, akavaa miwani akasoma tena. Hesabu ilikubali. Mtu mwingine angeridhika. Yeye alikuwa na kitu kinamkera: mbona imekubali vizuri hivyo? Mtu anayemtafuta mteja asiyeonekana, porini, hapotei hata kona moja? Hageuzi akarudi kuuliza njia?

"Nataka kuona oili," alisema.

Dereva aliinua nyusi. "Oili? Kwa nini, afande?"

"Mzee amenisimulia habari zake, hamu imenishika."

"Mimi boneti siigusi kabisa. Mzee haruhusu. Ukimfungulia boneti ni kama umemfungulia sanduku la nguo." Alicheka. "Kazi yangu ni usukani na majokofu tu."

"Basi Binti aliniahidi," Bi Kwanini alisema.

Binti alikuwa amekulia chini ya magari. Aliingiza vidole chini ya boneti bila kutazama, akapata kitasa, akaliinua na kulitegemeza kwa chuma chake. Aliomba kitambaa, halafu akakumbuka anacho kimoja cheupe mfukoni, cha kufutia mizani ya ghala. Alivuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwanza, akakirudisha mpaka mwisho, akakivuta tena kama alivyofundishwa, na safari hii akakilaza juu ya kitambaa.

Bi Kwanini aliuona mkono kabla ya kuiona oili. Mkono ulisimama.

Kwenye kitambaa, oili ilikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ilikuwa inatambaa taratibu, na chini yake nyuzi za kitambaa zilionekana moja moja.

"Vipi?" Bi Kwanini aliuliza.

"Ipo ya kutosha," Binti alisema. "Ipo kwenye alama."

"Naona ni safi."

"Baba ni msafi." Aliinamia kitambaa. "Baba ni msafi sana, mama."

Alikirudisha kijiti. Mara ya kwanza kilikosa tundu, kikagonga chuma pembeni. Mara ya pili pia. Mara ya tatu kikaingia, na Binti akakikunja kile kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka doa likafichika kabisa ndani.

Bi Kwanini hakumwuliza zaidi. Alimwomba tu afungue kopo la chujio la hewa, akafungua, vibano viwili na kifuniko. Chujio lilitoka jeupe kama karatasi ya daftari jipya. Mpelelezi alipitisha kidole kwenye mikunjo yake, akakitazama kidole juani, akamwonyesha Sajini.

"Ni jipya hilo, afande. Mzee alisema."

"Ni jipya, sawa. Lakini gari linapumua kwa hiki. Kama lilivuta vumbi la mlimani mchana kutwa, kwa nini hakijashika hata punje?" Alimshika Sajini kiwiko, akampeleka mbele ya gari. "Na huku mbele je? Wavu ni safi. Ndani ya matao ya magurudumu ni safi. Ubavuni kumejaa. Vumbi la barabarani hurushwa na matairi, linaanzia chini likapanda. Hili lilianzia juu likashuka, kama lililomwagwa kwa mkono."

Sajini alikuna kidevu. Alipunguza sauti. "Lakini kilomita, afande."

"Ndiyo. Kilomita zinanisumbua."

"Na oili, labda aliibadilisha njiani. Akaona imechafuka, akatia nyingine."

"Hilo ni swali zuri." Bi Kwanini alikuwa mkweli, lilimpendeza. "Tutafute gunia."

Walipata kadibodi la jokofu, wakalitandika chini ya Ajuza. Bi Kwanini, katika umri wake na sketi yake, aliingia wa kwanza. Sajini alizitazama nguo zake za kazi alizozipiga pasi mwenyewe, akatazama kama kuna anayemwona, akaingia. Juu ya vichwa vyao tumbo la gari lilikuwa limejaa mistari. Fundi hakutia chumvi. Kila nati ilikuwa na mstari wake mweupe wa rangi, mwembamba, ulionyooka, kwenye ekseli, kwenye springi, kwenye mabomba ya breki. Bi Kwanini alifurahi kama mtu aliyeingia kwenye chumba kilichopangwa vizuri.

"Nati ya kumwagia oili ni ipi?"

"Hii kubwa, chini ya sampu, bakuli la oili."

Aliimulika kwa tochi. Mstari ulikuwa mzima, umevuka kutoka nati mpaka chuma bila kukatika. Akamulika chujio la oili. Mzima.

"Basi oili iliyomo ni ile ile ya Fundi," alisema. "Hakuna aliyeigusa."

Tochi ilisogea nyuma, nati baada ya nati, mzima, mzima, mzima, ikafika kwenye giaboksi ikaganda. Pale palikuwa na nati ndogo ya mviringo iliyoshika waya mnene kama kidole. Nusu ya mstari wake ilikuwa kwenye nati na nusu kwenye giaboksi, lakini nusu hizo hazikukutana. Na grisi pembeni yake ilikuwa imefutwa.

"Waya huu unakwenda wapi?"

Waliufuata kwa vidole. Ulipanda, ukapenya sakafu, ukaelekea mbele, kwenye usukani. Bi Kwanini akaanza kuifungua ile nati. Ilifunguka kwa mkono.

"Sajini, nenda ukakae kwenye kiti cha dereva. Tazama dashibodi, uniambie unachokiona."

Sajini alitoka akiwa na vumbi mgongoni, akaingia garini. Chini, Bi Kwanini aliuchomoa waya kutoka kwenye giaboksi. Ndani ya ganda lake palikuwa na waya mwingine mwembamba wenye ncha ya mraba. Aliushika kwa vidole viwili akauzungusha haraka alivyoweza.

"Afande!" Sauti ya Sajini ilitoka juu ya sakafu. "Mshale wa spidi unacheza! Gari limezimwa, mshale unacheza!"

"Na kilomita?"

Bi Kwanini aliendelea kuzungusha mpaka vidole vikauma.

"Tarakimu ya mwisho inaanza kusogea," Sajini alisema, na safari hii hakupaza sauti. Yule shahidi asiyehongeka alikuwa amehongwa, na Sajini mwenyewe ndiye aliyempandisha kizimbani. Aliona aibu, na ilionekana.

Bi Kwanini alitoka chini ya gari akijifuta mikono. "Kwa vidole ningezungusha mpaka mwaka kesho. Aliyefanya kazi hii alihitaji kitu kinachozunguka chenyewe, na mahali pa kujificha na gari kwa muda." Alitazama kitambaa kilichokunjwa mkononi mwa Binti. "Na gari lilitembea kidogo tu. Oili imeanza kubadilika rangi, lakini haijawa nyeusi. Lilitoka hapa asubuhi, likajificha si mbali, likarudi mchana. Mlinzi akaona gari la nyumbani, akafungua lango. Kwa nini asifungue?"

Dereva alikuwa amesogea mpaka kando ya mlango wa ghala, gazeti tena mkononi. Alikuwa ameacha kufuta vioo kitambo. Sajini alishuka garini akaenda kusimama karibu naye, karibu kabisa, bila kumgusa.

"Afande, mnanitazama hivyo kwa nini?" Dereva alisema. "Waya umelegea tu. Ni gari la zamani. Jamani, mke wangu, waambie. Si nilirudi jioni nimechoka hata chakula sikuweza kumaliza? Waambie."

Binti hakumgeukia. Alikuwa anatazama Ajuza, boneti lake wazi kama mdomo wa mtu kwa daktari wa meno. Bi Kwanini alimsogelea. Alimhurumia sana, na hakujua namna ya kulisema jambo lile ambayo isingeuma.

"Baba yako aliniambia asubuhi," alisema taratibu. "Aliogopa nitaikuta oili nyeusi nikamwona mvivu. Wewe ulijua tangu kijiti kilipotoka."

"Nilijua."

"Sikulazimishi. Ni mume wako. Nilichokiona mimi nimekiona, nitakiandika. Lakini mwanasheria yeyote atasimama aseme oili ni maoni, vumbi ni maoni, nati ililegea kwa mtikisiko. Na baba yako anaondoka kituoni baada ya chakula cha mchana."

"Uliza, mama."

"Nini?"

"Nilikuahidi chochote. Uliza unachotaka kuuliza."

"Kampuni ina drili ya betri?"

"Ipo."

"Nani anaitoa ghalani?"

"Mimi. Haitoki bila mimi."

"Wewe!" Dereva alipiga hatua moja. Mkono wa Sajini ulimtua begani, akasimama. "Mama watoto, fikiri kwanza. Fikiri huyo mtoto. Usiseme kitu kwa hasira."

"Sina hasira," Binti alisema, na kweli hakuwa nayo. Machozi yalikuwa yanashuka tu, kwa utulivu, na hakuyafuta kwa sababu kitambaa alichokuwa nacho kilikuwa na oili. "Siku ile asubuhi nilimpa yeye. Mpaka na betri ya akiba, aliomba zote mbili. Alizirudisha jioni zote zimekufa, nikazichaji."

"Alisema anaitakia nini?"

"Kitanda cha mtoto." Alikunjua kile kitambaa, akakinyoosha, akamkabidhi Bi Kwanini doa likiwa juu. "Alisema akipata nafasi mchana atapita nyumbani akifunge, nikirudi nikikute kimesimama."

"Ulikikuta?"

"Mbao ziko sakafuni mpaka leo, mama. Nimeziruka asubuhi hii nikija kumwombea baba."